Kidole kimoja chini ya pedi

Vaa hedifoni za kufunga, zile zinazolimeza sikio zima. Piga toni ya Hz 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, kwa sauti ya wastani. Unasikia mngurumo mzito, mpana, uliotulia. Sasa penyeza ncha ya kidole kati ya pedi na shavu, chini kidogo ya sikio, upande mmoja tu.

Besi imekwenda.

Haikupungua, imekwenda. Weka muziki badala ya toni, kidole kibaki palepale: mwimbaji yupo, matoazi yapo, gitaa la solo lipo na wala halijatikisika. Kilichotoroka ni kile cha chini peke yake, na kimetorokea kwenye upenyo wa milimita chache.

Fanya jaribio la pili mbele ya spika. Toni ileile, sabufa (spika ya besi peke yake) isiguswe. Anza ukiwa umekaa katikati ya chumba, kisha nyanyuka, rudi nyuma taratibu mpaka mgongo uguse ukuta. Katikati toni ilikuwa hafifu, ukutani inakuvamia. Hakuna kitufe kilichoguswa.

Kidole kule, hatua tatu huku. Majaribio haya mawili yamekataa kutoka kichwani kwa wiki kadhaa, maana yanaliharibu swali ambalo wapenzi wa sauti tumelizoea: kati ya hedifoni na spika, ipi ina besi nzuri? Mara nyingi anayelijibu hajapima hedifoni wala spika. Amepima pedi ilivyokaa na kiti kilivyowekwa.

## Hewa kidogo, hewa nyingi

Kinachosumbua kwanza ni ukubwa. Utando wa hedifoni una kipenyo cha milimita 40 hivi. Spika ya inchi 6.5 ina koni yenye eneo mara kumi na zaidi ya hapo. Mbona kile kidogo kinashuka mpaka Hz 20 bila jasho, na kile kikubwa kinaanza kukohoa kwenye Hz 50?

Tuhesabu. Desibeli hupima ukubwa wa sauti, paskali hupima mgandamizo wa hewa: desibeli 94 ni paskali 1. Tuseme ndani ya kikombe cha hedifoni kuna hewa ya sentimita za ujazo 50. Ili mgandamizo ubadilike kwa paskali 1, hewa hiyo inatakiwa ibanwe kwa sehemu 7 katika milioni, yaani milimita za ujazo 0.35. Gawanya kwa eneo la utando, milimita za mraba 1,000 hivi: utando unasogea milimita 0.00035. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko mwendo huo mara mia mbili hivi.

Sasa spika. Iko chini, wewe uko mita 1 mbele yake, mahali pa wazi pasipo kuta. Ili ikupe desibeli 94 zilezile kwenye Hz 40, inabidi isukume sentimita za ujazo 83 za hewa. Hiyo ni zaidi ya mara laki mbili ya kazi ya hedifoni. Spika ya inchi 10 inaimudu: koni yake itakwenda milimita 3.5 mbele na 3.5 nyuma kutoka inapopumzika. Ya inchi 6.5 ingehitaji karibu milimita 9 kila upande, na nyingi hazina safari ndefu hivyo. Koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni, inatoka kwenye eneo la sumaku, sauti inachafuka, na ukizidisha unasikia inagonga.

Shuka mpaka Hz 20, hapo ndipo fumbo linapofunguka. Ndani ya kikombe kilichozibwa, mgandamizo unafuata umbali ambao utando umesogea. Iwe Hz 40, iwe Hz 20, mwendo unaohitajika ni uleule mdogo. Mahali pa wazi, mgandamizo unafuata kasi ya koni inavyobadilika, na kwa hiyo kila ukishuka oktava moja (masafa yakikatwa nusu) unadaiwa mwendo mara nne. Ile inchi 10 iliyokuwa ikisogea milimita 3.5 sasa inadaiwa 14.

Hedifoni hazina nguvu kuliko spika. Zimepewa chumba kidogo mno.

## Mlango wa chumba kidogo

Na chumba hicho kina sharti moja: kizibwe.

Wimbi la Hz 40 linachukua sekunde 0.025 kukamilika. Katika muda huo hewa iliyobanwa kikombeni ina nafasi ya kutosha kupenya kwenye upenyo wowote na kutoka. Wimbi la Hz 4,000 linakwisha kabla hewa haijapata pa kwenda. Ndiyo maana uvujaji unaanzia chini kupanda juu: upenyo mdogo unakula Hz 20, mkubwa zaidi unakula Hz 60, mkubwa zaidi unafika Hz 150. Masafa ya juu hayajui kama kuna tatizo.

Wanaovaa miwani wanaijua hasara hii hata kama hawajawahi kuipa jina. Mkono wa miwani unapita katikati ya pedi na fuvu na kuacha vijia viwili, kimoja mbele ya sikio na kingine nyuma. Miwani yenye mikono myembamba inaumiza kidogo. Ile minene ya plastiki inaumiza sana. Nywele nyingi zilizosukwa, kofia, hata taya linalobonyea chini ya sikio, vyote ni vidole vilevile vya jaribio la mwanzo. Pedi nazo huzeeka. Ngozi bandia inapasuka, sponji inalala, na hedifoni ambazo mwenyewe anaapa kwamba "spika zake zimechoka" hupona kwa pedi mpya.

Uangalifu mmoja hapo: usinunue pedi nene kuliko za mwanzo kwa kufuata starehe tu. Utaongeza ujazo wa kikombe, utausogeza utando mbali na sikio, na sauti yote itahama, si besi peke yake.

Kwa iafoni za kuingia tunduni, kosa linaloongoza ni kutumia vipira vilivyokuja vimevalishwa. Tundu la kushoto na la kulia si lazima yalingane. Wapo wanaohitaji kipira cha kati upande mmoja na kikubwa upande wa pili. Kipime hivi. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande mwingine, ingiza iafoni ukiizungusha kidogo, achia. Piga toni ya Hz 30, kisha ibonyeze ndani taratibu. Besi ikiongezeka unapobonyeza, kipira hakijaziba. Isipobadilika, umefika. Kisha fumbua mdomo, tafuna hewa, geuza shingo. Kipira kinachoachia ukitafuna kitaachia pia ukizungumza.

Hedifoni za mgongo wazi zina kesi tofauti. Kwa makusudi, mawimbi ya nyuma ya utando yameachiwa njia, na kwenye masafa ya chini yanazunguka na kufuta yale ya mbele. Nyingi zenye utando wa kawaida wa koili huanza kuinama mahali fulani chini ya Hz 100. Anayesema zina "besi safi" na anayesema "hazina besi" wanaelezea mteremko mmoja.

Na ukitumia zile zinazozima kelele kwa umeme, jua kwamba mara nyingi kuna maikrofoni ndani ya kikombe inayosikiliza na kusahihisha. Nyingi zinaufidia uvujaji mdogo zenyewe, ndiyo sababu miwani haizisumbui sana. Zima mfumo huo, uzisikilize kwa waya tu, na unaweza kushangaa ni kiasi gani cha ile besi kilikuwa hesabu ya kompyuta.

## Debe tupu haliachi kuvuma

Upande wa spika ndiko fedha nyingi hupotea, kwa sababu mtu hununua spika lakini husikiliza chumba.

Sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde. Wimbi la Hz 40 lina urefu wa mita 8.6, kubwa kuliko chumba chenyewe. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja. Pale nusu ya wimbi inapolingana na umbali kati ya kuta mbili, wimbi linasimama mahali pamoja na kukataa kuondoka. Hesabu yake ni 343 gawanya kwa mara mbili ya umbali. Chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2.5, kinakupa Hz 43, Hz 57 na Hz 69. Hiyo ndiyo milio mitatu ya kwanza ya debe lako.

Ipeleke hesabu hiyo kwenye gitaa la besi. Nota ya F ya chini ni Hz 43.7. Iko juu kabisa ya mlio wa kwanza, inavimba. G, nota inayofuata kwenye ngazi, ni Hz 49. Imekaa kati ya milio miwili, inanong'ona. A ni Hz 55, inavimba tena. Mpigaji alizipiga zote tatu kwa nguvu moja. Anayesikiliza anasema besi "inarukaruka" na kutafuta spika nyingine.

Wimbi lililosimama lina mgandamizo mkubwa ukutani na karibu sifuri katikati. Ndilo jibu la zile hatua tatu za mwanzo. Kiti kilicho katikati kabisa ya urefu wa chumba kinaikosa Hz 43. Sofa iliyosukumwa mpaka ukuta wa nyuma inaipata kwa ziada. Sehemu nzuri ya kuanzia ni kama theluthi moja kutoka ukuta wa nyuma. Ni mahali pa kuanzia tu. Sogeza kiti sentimita 20 kwa wakati, sikiliza, sogeza tena.

Kuna shimo jingine ambalo wengi hawalijui. Sauti ya besi inatoka kwenye spika pande zote, hata nyuma. Inayogonga ukuta wa nyuma ya spika na kurudi hufuta inayokwenda mbele kwenye masafa ambayo umbali huo ni robo ya wimbi. Spika iliyo mita 1 kutoka ukutani inachimba shimo karibu na Hz 86. Ukiisogeza mpaka sentimita 50 shimo linapanda hadi Hz 171. Ushauri wa kuziweka spika mbali na ukuta "ili zipumue" una gharama hiyo, na sijaona wanaoutoa wakiitaja.

Sabufa ina afadhali, kwa kuwa unaweza kuichagulia pahali. Njia ya zamani ya kutambaa bado haijapitwa: weka sabufa kwenye kiti chako, piga mstari wa besi unaopanda nota kwa nota, kisha tembea kwa magoti kandokando ya kuta, kichwa kikiwa kwenye kimo cha sabufa. Pale nota zote zinaposikika kwa uzito unaokaribiana, ndipo sabufa ihamie. Inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kutoka pahali pamoja kwenda pengine haibadiliki ukivigeuza. Kona itakupa besi nyingi zaidi, lakini itaamsha kila mlio wa chumba kwa pamoja.

Ikwalaiza, kile cha kupandisha na kushusha masafa unayoyachagua? Ndiyo, kwa kupunguza vilima, yaani masafa yaliyovimba. Usijaribu kujaza mashimo. Kuongeza desibeli 10 kunadai nguvu ya amplifaya mara kumi, na nguvu hiyo yote inakwenda kulisha wimbi linalojifuta lenyewe palepale. Unapasha moto koili bure.

Sponji za sentimita 5 za kubandika ukutani nazo haziigusi habari hii. Robo ya wimbi la Hz 50 ni mita 1.7. Sponji nyembamba itanyonya sauti za juu na kukuachia chumba kizito zaidi ya mwanzo.

## Kifua hakina masikio, lakini kinasikia

Hadi hapa hedifoni zinaonekana kushinda. Hazina chumba, hazina kona, hazina kiti kibaya.

Lakini hakuna anayetoka kwenye onyesho la muziki akisema ngoma ya sikio ilitikisika. Husema kifua. Spika kubwa inatikisa hewa yote iliyokuzunguka, inaingia kwenye mbavu, kwenye sakafu, kwenye kiti. Hedifoni zinatikisa hewa ya ujazo wa vijiko vichache kila upande wa kichwa. Mwili mzima umebaki nje.

Tofauti hiyo ina historia ndefu ya kubishaniwa maabara. Mwaka 1952 watafiti Munson na Wiener waliandika kuhusu jambo la ajabu: mtu akisikiliza toni ya chini kwa hedifoni, alihitaji mgandamizo mkubwa zaidi sikioni, karibu desibeli 6, ili aione ina ukubwa sawa na ya spika. Munson huyo ndiye aliyechora na Fletcher, mwaka 1933, ile mikunjo maarufu ya usikivu, inayoonyesha kila masafa yanahitaji desibeli ngapi ili yasikike kwa ukubwa sawa. Sehemu ya maelezo yaliyopatikana baadaye ni ya kawaida kabisa: ukifunika sikio, unafungia ndani kelele za mwili wenyewe, damu inayopita na misuli inayokaza, na kelele hizo ni za chini. Zinaifunika besi.

Hapo ndipo penye hatari, na ni hatari inayokuja kwa upole.

Mtu anakosa ule mtikisiko wa kifua, anaongeza sauti. Kitufe cha sauti hakiongezi besi peke yake. Kinaongeza kila kitu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu: 83 kwa saa 20, 86 kwa saa 10. Anayeutafuta mtikisiko wa kifua kwa kitufe cha sauti anaulipia kwa masafa ya kati na ya juu, ambayo ndiyo yanayoumiza zaidi. Kama ni besi unayoitaka, tumia ikwalaiza: punguza kwanza sauti yote kwa desibeli 5 ili mawimbi yasikatwe vichwa, halafu inua kila kilicho chini ya Hz 100 kwa desibeli 4 au 5.

## Ukilinganisha kwa sauti mbili tofauti, hujalinganisha

Sikio linaitendea besi kwa ubahili. Kwa mujibu wa ISO 226 ya mwaka 2003, kiwango cha kimataifa cha mikunjo ya usikivu, toni ya Hz 1,000 kwenye desibeli 40 inasikika sawa na Hz 100 kwenye 64, Hz 50 kwenye 78, na Hz 20 kwenye karibu 100. Mikunjo hiyo pia inasongamana huku chini: ukiongeza desibeli chache tu, besi inaruka kuliko sauti ya mtu.

Kwa hiyo kifaa kinachopigwa kwa sauti kubwa kidogo kitaonekana kina besi zaidi ya iliyonayo. Linganisha vifaa viwili kwa sauti ya mwimbaji, si kwa ngoma. Tafuta sehemu ya wimbo yenye mtu anayeimba karibu peke yake, weka vilingane hapo, ndipo usogee kwenye besi.

Na uchague wimbo wenye besi ya kweli. Ubongo una tabia ya kujaza mapengo: ukisikia Hz 82, 123 na 164 kwa pamoja, unadai umesikia Hz 41, hata kama haikuwepo. Ndiyo maana besi ya gitaa "inasikika" kwenye simu. Spika iliyozidiwa nayo hutengeneza Hz 60 pale ilipoambiwa ipige Hz 30, na kwa kuwa sikio linaisikia Hz 60 kirahisi zaidi, uchafu huo hupokewa kama unono.

## Waya uliogeuzwa

Jaribio moja linalotenganisha ulimwengu huu na ule kuliko mengine yote: geuza waya wa spika moja, mwekundu ukae kwenye mweusi. Kaa katikati ya spika mbili. Besi inanywea, kwa sababu koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta.

Fanya hivyohivyo kwa upande mmoja wa hedifoni na besi inabaki. Kila sikio lina hewa yake, hakuna pa kukutania. Utahisi tu kitu kimekaa vibaya kichwani, kana kwamba sauti imegawanyika. Anayechanganya muziki kwa hedifoni pekee anaweza kutoa kazi yenye besi iliyogeuzwa upande mmoja asijue, mpaka ipigwe kwenye spika na ipotee mbele ya watu. Dawa ni kitufe cha mono, kinachounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja, kibonyezwe kabla kazi haijatoka.

## Ukweli wa nani?

Ilikuwa rahisi kumalizia kwamba hedifoni zinasema kweli na chumba kinadanganya. Kuna utafiti uliovuruga wazo hilo. Mtafiti Sean Olive na wenzake wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, walipowauliza wasikilizaji ni mkunjo upi wa hedifoni wanaoupenda, wengi hawakuchagua besi iliyonyooka, yaani isiyoinuliwa wala kushushwa. Walitaka chini ya Hz 100 na kitu hivi pawe pameinuliwa kwa desibeli kadhaa, na kwa iafoni za tunduni walitaka zaidi ya hapo. Besi iliyonyooka sikioni husikika imekonda, kwa sababu spika nzuri, ikiwekwa ndani ya chumba, huinuliwa na kuta. Tumezoea mkono wa chumba kiasi kwamba ukiondolewa tunaona kuna wizi.

Kisha kuna mkia. Kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, inapogonga mlio wa chumba chenye kuta ngumu, inaweza kuendelea kulia kwa nusu sekunde au zaidi. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una kiki kila nusu sekunde; ya pili inafika ya kwanza haijaondoka. Kwenye hedifoni kila kiki inasimama peke yake, kavu, na nafasi kati yake inaonekana. Wengi huita hiyo "besi ya haraka", ingawa wimbi la Hz 50 halina haraka popote.

Lakini mhandisi aliyeichanganya kazi hiyo, mara nyingi, alikuwa amekaa mbele ya spika, ndani ya chumba. Kilikuwa chumba kilichotibiwa vizuri, chenye mkia mfupi, ila mkia ulikuwepo. Alipoamua kiki ikae kwa urefu gani na besi iingie baada ya muda gani, aliamua akiwa na mkia huo masikioni na mtikisiko huo kitini. Ile nafasi kavu kati ya kiki na kiki, tunayoisifia kwenye hedifoni, huenda yeye hakuisikia hata siku moja.